Msimfiche Mtoto Huyu



Mtoto azaliwapo, Maramba kama kwingineko, jamaa waliongoja nje huuliza neno moja: Wa kiume au wa kike? Lakini mara chache mkunga hutazama, akanyamaza, kisha akamwita mwenzake. Maumbile ya mtoto hayaonyeshi wazi. Hapo hofu huingia nyumbani. Mama hulaumiwa, wazee husema ukoo umelogwa, na mtoto hufungiwa ndani asionwe na majirani.

Ni nani basi aliyetenda dhambi? Swali hili wanafunzi walimwuliza Bwana wetu Yezu Kristu habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akakataa kumtwika lawama mtu yule au wazazi wake. Tena, katika sura ya 19 ya Injili ya Matayo, aliwataja waliozaliwa na hali ya namna hii tangu tumboni mwa mama zao. Hakuwacheka, wala hakuwafukuza.

Waganga wametufundisha sababu moja iliyo kubwa. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ikiwa tezi hizo zina kasoro, mtoto wa kike aweza kuzaliwa na umbo lililo karibu na la kiume. Wengi wa watoto hao hupoteza chumvi ya mwili, na wasipotibiwa waweza kufa katika majuma ya kwanza. Dawa ipo, nayo humezwa kila siku maisha yote. Basi anayemficha mtoto kwa ajili ya haya, huenda anamchimbia kaburi.

Wengine, kinyume chake, hukimbilia kisu. Huko Kanada, David Reimer, aliyezaliwa mwaka 1965, aliharibiwa kiungo chake alipokuwa akitahiriwa. Mtaalamu mashuhuri akawashauri wazazi mtoto apasuliwe na kulelewa kama msichana, na ulimwengu ukaambiwa kwamba jambo limefaulu. La hasha! Alipoambiwa ukweli, akiwa na miaka 14, alirudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Kisu kilichotumika kwa haraka, bila yeye kuulizwa, hakikuleta amani moyoni.

Kanisa lasemaje? Hati ya Roma ya Aprili 2024, iitwayo Dignitas infinita, inaonya kwamba upasuaji wa kubadili jinsia waweza kuhatarisha heshima ya mtu. Lakini inakubali kwamba aliyezaliwa na kasoro ya viungo vya uzazi aweza kupokea msaada wa waganga. Hayo ni mambo mawili. Mkristu asiyachanganye, akamnyima mtoto tiba kwa kudhani analinda imani.

Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, wamekwisha kuanza. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtoto ambaye, katika karatasi za hospitali, mahali pa jinsia palitiwa alama ya kuuliza. Katika sensa ya mwaka 2019 watu wa hali hii walihesabiwa, wakawa 1,524. Mwaka 2022 sheria ya watoto ikazuia kubadili au kuondoa viungo vyao pasipo ushauri wa mtaalamu.

Na kwetu, nani atalipa? Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Twaomba fedha ya umma igharimie kwanza vipimo, dawa za kila siku, na mashauri ya kuwatuliza wazazi. Kisu kifuate, pale tu uhai au afya inapodai. Mengine yangoje mpaka mtoto aweze kusema neno lake. Mkulima hawezi kubeba mzigo huu peke yake.

Enyi wazazi, mpelekeni kwa mganga upesi, tena mleteni abatizwe. Enyi majirani, zuieni ndimi zenu. Mungu aliyemwumba hamwonei haya. Sisi ni nani hata tumwonee?