Vipepeo wa Kibanja Mwishoni mwa Kiangazi

Kata ya Hamugembe, iliyo ndani ya Manispaa ya Bukoba, haina msitu mkubwa wa kujivunia, lakini atembeaye taratibu katika vijia vyake mwishoni mwa Agosti, kiangazi kikiwa ukingoni, atagundua kwamba kibanja, yaani shamba la Wahaya lizungukalo nyumba na ambamo migomba, mibuni na miti ya kivuli huota pamoja, huhifadhi viumbe wengi wa msituni.

Mwenye kutafuta vipepeo mauani huwakosa walio hodari kuliko wote, kwa sababu wale wa jenasi ya Charaxes, wanene wa mwili na wepesi wa kuruka, hawana haja na maua. Wao hufuata utomvu unaochuruzika kwenye jeraha la mti, kinyesi cha wanyama, na ndizi zilizooza chini ya mgomba. Kando ya dimbwi linalokauka hukusanyika vipepeo wengine, wengi wao madume, wakifyonza chumvichumvi za udongo ambazo baadaye humpa jike wakati wa kupandana. Hata kile kiwavi kinachofanana na kinyesi cha ndege juu ya jani la mlimau, ambacho mkulima hukiponda bila kufikiri mara mbili, ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano.

Juu ya migomba husimama muhumula, mti ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo wanaomeza matunda yake. Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890 na ambaye, licha ya kutumikia ukoloni, alikuwa mkusanyaji hodari wa ndege. Anayetaka msitu wenyewe husafiri hadi Minziro, wilayani Missenyi, kwenye mpaka wa Uganda, ambako ardhi hufurika maji na ambako wamo ndege na vipepeo wa jamii za misitu ya Kongo wasiopatikana kwingineko Tanzania.

Lakini safari ya Minziro isiwe kisingizio cha kudharau kilicho nyuma ya jiko. Wengi wamezoea kuamini kwamba wanyamapori ni mali ya Serengeti na ya watalii, na papo hapo kibanja kinakatwa viwanja, miti ya kivuli inaangushwa, na ua unafagiliwa na kusakafiwa hadi pasibaki jani lililoanguka. Usafi wa namna hiyo una gharama ambayo haihesabiwi. Mwenye kibanja Hamugembe, isipokuwa pale migomba iliyougua mnyauko inapopaswa kung'olewa, na aache kona moja ambamo ndizi zilizoanguka zitaoza zenyewe, na kabla ya kuukata muhumula wake, aangalie kwanza ni nani anayekula matunda yake.