Stima na Amri

Treni ya kuchezea ya zamani ina njia moja tu ya kusimamishwa: kuinyima stima. Reli mbili zinabeba volti zisizozidi 12 hivi, magurudumu yanazipokea, mota inazunguka. Ukiongeza volti, inakimbia. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Ukitaka isimame, unakata. Na ukiweka injini mbili kwenye reli moja zinaondoka zote, hata kama ulitaka moja tu, kwa sababu stima yenyewe ndiyo amri. Kulishwa na kuambiwa uende ni kitu kimoja.

Dikoda ilikuja kutenganisha hayo mawili. (Sisemi ile ya GOtv.) Ni chipu ndogo kama kucha ya kidole gumba, unaificha ndani ya injini, kati ya magurudumu na mota. Mfumo ulianzia kwa kampuni ya Lenz huko Ujerumani, halafu miaka ya 1990 chama cha Marekani cha watu wa reli ndogo, NMRA, kikaufanya kanuni ya wote. Sasa reli inakaa na stima muda wote, haipungui. Amri inaandikwa ndani ya stima hiyo hiyo: mkondo unageuka kwa kasi ajabu, ukigeuka kila mikrosekunde 58 hiyo ni 1, ukichukua 100 au zaidi hiyo ni 0. Kila injini ina anwani yake. Zote zinasikia, inajibu iliyoitwa. Injini inaweza kusimama tuli stesheni, taa zinawaka, imeshiba, inangoja. Ile ya zamani ikisimama ni kama imekufa.

Haya nimeyajulia kwenye kibanda cha fundi wa simu, Migori town. Mtu wa kwetu alirudi kutoka Uingereza na injini kuukuu ya Hornby, umbo la gari moshi la mvuke, pamoja na dikoda kwenye pakiti, na akataka iwekwe. Si Migori wala Homa Bay iliyowahi kupata reli. Ile ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kutoka pale safari iliendelea kwa meli. Kwa hivyo fundi alikuwa anafungua tumbo la mnyama ambaye hajawahi kumwona akitembea. Hakushtuka. Waya ni waya, alisema.

Swali lililonishika pale si la treni. Je, mtu anaweza kumpa mwenzake nguvu bila kumpa na mwelekeo?

Angalia huku kwetu. Kule Gogo, kwenye Mto Kuja, kuna kituo cha umeme cha megawati 2 kilichojengwa miaka ya 1950 ili kuendesha mgodi wa Macalder. Mto ni wetu, lakini stima yake ilizaliwa ikiwa imeshaambiwa inaenda wapi. Migori na Homa Bay zenyewe zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, kama zile dikoda mpya ambazo zote hutoka kiwandani na anwani namba 3: usipozibadilisha, ukiita moja zinakuja zote. Tangu 2013 kila moja ni kaunti, na Katiba inasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kama dikoda hiyo ilifungwa vizuri au la, nawaachia wenye magazeti.

Mimi linaloniuma liko karibu zaidi. Mjomba, nera kama tunavyosema nyumbani, alinilipia chuo miaka miwili. Kozi alichagua yeye, ununuzi na ugavi. Nilipomwambia nataka kuhamia fasihi alinijibu kwa upole kabisa: "Mpwa wangu, mimi silipii hadithi." Muhula uliofuata ada haikuja. Sikugombezwa, sikuitiwa kikao cha wazee. Stima ilikatwa, basi.

Ni rahisi kumfanya mjomba kuwa mtu mbaya, na wasee wengi wa rika langu wanaongea hivyo kuhusu wajomba zao. Mimi siwezi. Pesa ile ilitoka kwenye miwa ya Awendo, na muwa unakaa shambani mwaka na nusu hivi kabla ya kukatwa. Mtu aliyengoja namna hiyo ana haki ya kuuliza jasho lake linaenda wapi. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi haiji peke yake, inakuja na wajibu wa kurudisha. Nyanya yangu angemshangaa kwa kuhitaji kitabu kizima kusema hivyo.

Rafiki mmoja alisoma rasimu yangu akacheka: "Lakini dikoda ni mtumwa bora zaidi, manze. Inatii neno kwa neno!" Ni kweli. Hata anwani inapewa na mwenye reli. Ila nadhani yeye hakukaa pale kibandani muda wa kutosha. Kuunganisha waya hakukuwa kazi. Nyekundu na nyeusi kwenye magurudumu, ya chungwa na ya kijivu kwenye mota, zile za taa kwenye taa. Fundi alizichomelea zote chini ya nusu saa. Kazi ilikuwa kutenganisha. Kwenye injini nyingi za zamani, upande mmoja wa mota umegusa mwili wa chuma, na mwili unachukua stima ya reli moja kwa moja. Ukiuacha hivyo, dikoda inaungua. Basi tulitafuta kila pahali mota ilipogusana na reli kisirisiri, tukaweka plastiki, tukapima kwa mita, mita ikalia, tukafungua tena. Siku mbili nzima.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Sisemi mjomba asiniambie kitu. Aniambie, hata kila siku. Ninachodai ni ile nafasi kati ya reli na mota, pahali ambapo neno lake linafika likiwa bado neno, linasomwa, ndipo liwe mwendo au lisiwe. Ada ikikatwa, hakuna neno la kusoma. Ni reli iliyogusa mota. Na hapa mfano wangu unaishiwa nguvu, najua: dikoda ikishasoma haina hiari, mtu anayo. Lakini hiari hiyo haina kazi kama kila anayekulisha anakuendesha kwa lishe yenyewe.

Je, mpaji anyamaze? Sidhani. Dada yangu mdogo yuko chuo Homa Bay. Juzi aliniomba elfu tatu anunue mashine ya kukausha nywele, aanze kusuka wenzake hostelini. Naona ni wazo baya, mitihani iko karibu. Nilimtumia pesa Jumatatu kwa M-Pesa, bila neno lolote. Maoni yangu nilimwandikia Alhamisi, kwa WhatsApp, marefu kidogo. Tiki zimeshakuwa za buluu. Hajajibu.