Leseni Kwanza, Msimbo Baadaye

Wanangu mnaosomea kompyuta SUZA, kule Tunguu, na nyinyi mnaojifunza wenyewe majumbani Ng'ambo na Malindi, nisikilizeni kabla hamjapandisha msimbo wenu mtandaoni.

Programu isiyo na leseni si huria, hata kama dunia nzima inaiona. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na kazi ni ya aliyeiandika, mwingine haigusi mpaka mwenyewe atoe ruhusa. Hilo dogo. Kubwa ni hii tabia ya kuchukua leseni kwa sababu fulani naye kaichukua.

Tazameni ya hapa hapa. DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara yetu ya Afya huutumia kwa takwimu za vituo, una leseni ya BSD. Kampuni yoyote yaweza kuutengenezea programu ya nyongeza, ikaifunga, ikaiuza. Inachodaiwa hasa ni kubakisha tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni. Programu ya Jamii ni Afya, ile ya wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, imejengwa juu ya Community Health Toolkit, nayo ni AGPL: ukiibadilisha ukawahudumia watu hata kwa mtandao tu, msimbo wako wanastahili kuupata. Zote mbili huria, ila ya pili hukai nayo ukafunga mambo ndani.

Katikati ipo MPL 2.0, wanayoitumia OpenMRS, mfumo uliokulia Eldoret, Kenya. Ukigusa mafaili yao ukayasambaza, toa ulichobadilisha. Faili jipya uliloandika mwenyewe ni lako, uza upendavyo. Kwa kijana wa Unguja anayetaka kula kwa jasho lake, naiona hii ndiyo ya kuanzia. Leseni za MIT na BSD sizikatazi, lakini ruhusa mliyojiachia nyinyi, mwenye mtaji wa Dubai au California anayo vile vile, na atafika sokoni mapema kuliko nyinyi.

Tena leseni ni kama wakf. Nyumba za wakf Mji Mkongwe mnazijua: aliyeweka sharti keshazikwa, sharti linafuatwa. Kampuni ya Elastic ilipoiacha leseni ya Apache 2.0 mwaka 2021, Amazon ilichukua toleo la nyuma la programu ya Elastic ikaliendeleza kwa jina la OpenSearch, kwa ruhusa ile ile ya awali. Na mkiwa wengi mmechangia, kila mmoja ana haki katika mistari yake. Mkitaka kubadili leseni, mwenzenu mmoja aliyehamia Muscat asiyepokea simu anatosha kuwakwamisha.

Kwa hiyo kaeni kitako leo, kabla mchangiaji mwingine hajaingia, mkubaliane nani aruhusiwe kufunga na kuuza, na riziki yenu itatoka wapi. Kisha andikeni, kila mmoja atie saini.