Kimya na Kuridhia

Liko neno la Kiingereza ambalo vijana wetu hulikuta katika vitabu vya sheria, nalo ni "tacit". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kunyamaza. Lakini Waingereza hulitumia khasa kwa jambo lililofahamika pasi na kutamkwa, kama mapatano yasiyosemwa au idhini isiyotolewa kwa ulimi. Mtu mkimya kwa tabia wana neno jengine kwa ajili yake, la ukoo huo huo. Basi hukumu hutolewa na yule akitazamaye kimya cha mwenziwe, na hapo ndipo penye khatari.

Mwaka 1535 Thomas More alishitakiwa huko London kwa kunyamaza alipoulizwa kama mfalme Henry VIII ndiye mkuu wa kanisa. Washitaki wakadai kimya chake ni uadui. Yeye akajibu kwamba kwa kanuni ya sheria anyamazaye huhisabiwa ameridhia. Kimya kimoja, tafsiri mbili! Ushahidi wa mtu mwengine ukaongezwa, naye akakatwa kichwa tarehe 6 Julai.

Wanazuoni wetu wa Kishafii asli yao ni kwamba mwenye kunyamaza hanasibishwi na kauli. Kisha wakatoa mahali makhsusi, na mashuhuri zaidi ni bikira aulizwapo juu ya kuolewa: Bibi Aisha alipotaja haya ya bikira, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Ama aliyekwisha kuolewa hapo kabla hana budi kutamka. Na Khansa bint Khidam alipoozwa na babake naye hataki, Mtume aliivunja ndoa ile.

Tazama basi, kimya kilichokubaliwa ni kimya baada ya swali. Je, majumbani mwetu swali huulizwa? Mara nyingi binti hupata khabari ya posa jikoni, mahari yamekwisha pokewa, kisha watu husema, "Amenyamaza, ameridhika." Na hata akiulizwa, huku ami zake wamemkazia macho, hatuoni tafauti kubwa. Haya ina alama zake na khofu ina zake, na mama mtu azijua zote mbili.

Watatwambia kwamba madhehebu yetu yampa baba haki ya kumuoza bikira. Naam, lakini hayo hayo yamesema kumtaka shauri ni sunna, tena yameshurutisha pasiwe na uadui baina yao, na mume awe kufu yake. Baba aitajaye haki hii na ayataje na masharti yake, tena mbele ya binti mwenyewe.