Muda wa Kushindilia

Babu yangu wa Biharamulo aliwahi kuchukua gobore amuue jirani, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Akamimina baruti, akatia goroli, akaanza kushindilia. Kabla hajamaliza, bibi alishakaa mlangoni, kimya. Babu akaliweka gobore chini.

Namkumbuka ninapoandika tasnifu yangu ya uzamili, inayogusa bastola ya Browning Hi-Power. John Browning alifariki Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijakamilika. Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka 1935 na magazini ya risasi 13. Ukifyatua moja, inajikoki yenyewe. Wahandisi wanaita hayo maendeleo. Mimi naona kilichopunguzwa ni ule muda wa bibi kufika mlangoni.

Ajabu, Wafaransa walitaka kiwekwe kizuizi: magazini ikichomolewa, bastola isifyatuke hata kama risasi imebaki ndani. Kikawekwa. Wamiliki wengi wakakitoa, eti kinafanya kifyatuo kiwe kizito.

Wenzangu darasani husema silaha haina dhamiri, anayo aliyeishika. Nakubali nusu. Dhamiri ya babu ilichelewa, gobore likaisubiri.

Jirani yule sasa anaishi Ngara kwa mwanawe. Likizo iliyopita nilikwenda kumpa shikamoo. Akaniuliza kama lile gobore bado lipo.