Kubomoa kwa Faida ya Wote

Liko swali moja ambalo wakuu wa mji hulikuta kila watakapo kutengeneza mitaa ya kale, nalo si swali la mafundi peke yao: Je, ni halali kuivunja nyumba ya mtu asiye na kosa, kwa kuwa watu wengine watapata faida? Wako wajibuo upesi, "Ni halali, mradi alipwe." Wengine hujibu upesi vilevile, "Si halali kamwe." Katika neno kama hili majibu ya upesi hayafai. Na tuitazame habari iliyotokea kweli huko Marekani, katika mji wa Boston, kwenye mtaa ulioitwa West End.

Mtaa huo ulikuwa karibu na kati ya mji, kando ya mto Charles. Walikaa humo Waitalia, Wayahudi, Wapolandi, Waairishi na wengineo, wengi wao watu wa mishahara midogo. Nyumba zao zilikuwa za matofali, zimebanana, lakini kodi ilikuwa nafuu. Mwaka 1949 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya makao, na kwa sheria hiyo serikali kuu ilikubali kuchukua theluthi mbili za gharama ambayo mji ungepata kwa kununua mitaa duni, kuibomoa, na kuwauzia viwanja wajenzi wapya. Mwaka 1953 ikatangazwa ya kwamba West End itabomolewa. Mwaka 1958 mtaa ukatwaliwa kwa nguvu ya sheria, na kufika mwaka 1960 karibu wote ulikuwa uwanja mtupu. Jamaa zaidi ya 2,500 walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mahali pao yakajengwa majumba marefu ya kupanga, yenye kodi ambayo wenyeji wa zamani hawakuiweza.

Tusiwafanye wale wakuu kuwa watu waovu. Mji wao ulikuwa umezeeka, wenye fedha walikuwa wakihamia nje, na kodi za serikali zilipungua. Mji usio na fedha hauwezi kutunza shule wala kuzoa taka, na wa kwanza kuumia ni maskini. Tena nyumba nyingine za mtaa ule zilikuwa mbovu kweli. Kusema kwamba kila kitu cha kale kiachwe kama kilivyo, hata kikiwaangukia watu, si upendo.

Walakini tuangalie jinsi neno lenyewe lilivyotendeka. Tangu kutangazwa mpaka kutwaliwa ilipita miaka mitano. Katika miaka hiyo ni mwenye nyumba gani angetia bati jipya au kutengeneza ngazi, hali ajua nyumba itavunjwa? Matengenezo yakaachwa, wapangaji wengine wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu. Basi uchakavu ukazidi, na uchakavu huo ukawa ushahidi wa kwamba mtaa hauna budi kubomolewa. Ni kama mganga amwambiaye mtu kwamba atakufa, kisha amnyime chakula, na baadaye awaonyeshe watu jinsi alivyokonda.

Na wenyeji je, hawakupinga? Wako waliopinga, lakini wengi hawakusadiki. Walikuwa wamesikia habari za kubomolewa kwa miaka mingi, na waliona ni ajabu kwamba serikali ivunje mtaa wenye watu ndani. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Herbert Gans, alihamia huko mwishoni mwa mwaka 1957, akakaa miezi ipatayo minane, na mwaka 1962 akatoa kitabu kiitwacho The Urban Villagers. Ashuhudia kwamba mwanzoni aliona takataka na kuta zilizochakaa. Baada ya kukaa, macho yake yaliona watu na desturi zao. Hupambanua mtaa wenye kudhuru na mtaa ambao ni wa kodi ndogo tu. Wahenga wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenyeji wa West End waliwajua kunguni wao sana. Hata hivyo wengi walipenda kukaa.

Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Fidia hulipwa kwa kitu chenye bei. Mwenye nyumba alikuwa na kitu cha kuuziwa. Lakini wengi wa watu wale walikuwa wapangaji, nao walichopoteza hakikuandikwa katika daftari lolote: jirani wa kumwachia mtoto, duka la kukopa mpaka mwisho wa juma, mama mzee akaaye orofa ya chini. Mtaalamu mwingine, Marc Fried, aliwahoji waliohamishwa, na mwaka 1963 akaeleza ya kuwa katika wanawake 46 kwa mia, na katika wanaume 38 kwa mia, walionyesha huzuni nzito, wengine hata miaka miwili baada ya kuhama. Aliilinganisha na huzuni ya msiba.

Sheria haikuwasaidia watu wa namna hii. Mwaka 1954 mwenye duka mmoja mjini Washington alidai kwamba duka lake si bovu, basi kwa nini libomolewe pamoja na mabovu? Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa neno moja, ilimkatalia: mtaa huhukumiwa kwa ujumla wake, na serikali yaweza kutaka mji uwe mzuri wa kutazamwa, si wenye afya tu. Naona hukumu hii ni ya hatari. Afya yaweza kupimwa. Uzuri hutegemea ni nani atazamaye.

Karibu na West End uko mtaa wa North End, wa Waitalia vilevile, uliobanana vilevile. Huo haukubomolewa. Leo wageni huenda kuutembelea, na nyumba zake ni za bei kubwa.

Wabomoaji waliacha majengo machache: nyumba ya Otis ya mwaka 1796, kanisa la Old West la mwaka 1806, na kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Wafikirieni washiriki wa kanisa hilo la mwisho, ambao jengo lao lilibaki limesimama wima, na nyumba zao wenyewe zimekuwa kifusi.

Mwaka 2015 mkuu wa shirika la mji lililosimamia kazi ile aliomba radhi hadharani. Ilikuwa imepita miaka hamsini na zaidi, na wengi wa wale walioamriwa kutoka walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliosalia walikuwa na gazeti lao dogo tangu mwaka 1985, na kwa hilo walipashana habari za mtaa usiokuwapo tena.