Tunajipima na Nani?

Washarika wengi wanalikumbuka jina la Hasheem Thabeet, kijana mrefu wa Dar es Salaam aliyekwenda Marekani kucheza mpira wa kikapu. Mwaka 2006 alijiunga na timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, akawa Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi ya NBA. Hayo tunayakumbuka kwa furaha. Lakini ule msimu wake wa kwanza chuoni hauzungumzwi sana, na huo ndio tunaotaka kuutafakari hapa, kwa kuwa ndani yake limo swali linalotuhusu sisi tunaoenda kanisani kila Jumapili.

Msimu ule Connecticut ilianza kwa mechi 11. Zote ilizicheza nyumbani, nyingi kati yake dhidi ya vyuo vidogo visivyo na jina kubwa katika mchezo huo, na zote ilishinda. Mwisho wa Desemba ikasafiri kwa mara ya kwanza, kwenda West Virginia, ikafungwa. Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Msimu ulipoisha hesabu ilikuwa kushinda mara 17 na kushindwa mara 14, na Machi ilipofika chuo kile chenye sifa kubwa hakikualikwa katika mashindano ya taifa. Ni timu ile ile na wachezaji wale wale. Kilichobadilika ni wapinzani.

Mtindo huo ni wa kawaida sana katika vyuo vya Marekani. Msimu huanza Novemba, na mechi za ligi, ambazo timu haichagui ikutane na nani, nyingi huchezwa kuanzia Januari. Zile za mwanzo kila chuo hujipangia chenyewe. Chuo kikubwa huita kidogo kije kucheza nyumbani kwake, hukilipa makumi ya maelfu ya dola, wala hakiahidi kwenda kurudisha mechi. Kikubwa hupata ushindi na viingilio vya mashabiki, kidogo huondoka na hundi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila mmoja amekubali kwa hiari yake. Basi kuna shida gani?

Tuseme kwanza lililo la haki, maana Martin Luther katika Katekisimo Ndogo alipoifafanua amri ya nane alitufundisha kuyapokea mambo ya jirani kwa tafsiri iliyo njema kadiri inavyowezekana. Connecticut ya mwaka 2006 ilikuwa imepoteza wachezaji watano waliochaguliwa na timu za NBA katika mwaka huo mmoja. Waliobaki wengi walikuwa vijana wapya. Kocha anayewaingiza vijana wa namna hiyo moja kwa moja mbele ya majabali anaweza kuwavunja moyo kabla hawajajifunza kusimama. Kuwaanzishia kwa wepesi kunaweza kuwa ni upendo.

Tena Mungu mwenyewe amefanya hivyo. Katika Kutoka 13 tunasoma kwamba Israeli walipotoka Misri, Bwana hakuwapitisha njia fupi ya nchi ya Wafilisti. Alijua kwamba wakiona vita mapema mno watajuta na kurudi utumwani. Aliwazungusha kwa njia ya jangwa. Paulo naye aliwaambia Wakorintho kwamba aliwanywesha maziwa kwa sababu hawakuwa tayari kwa chakula kigumu. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba kila njia nyepesi ni ya waoga. Mkristo mpya, mjane aliyefiwa juzi, kijana aliyeacha pombe mwezi uliopita, hao wote wanahitaji njia ya jangwa kwanza, na kanisa linalowapeleka mbio kwa Wafilisti halina huruma.

Lakini Israeli hawakupewa njia ile ili wajisifu kwamba hawajawahi kushindwa vitani. Walipewa ili siku moja waweze kuingia Kanaani. Hapa ndipo tunapoona tofauti. Maziwa ni mema kwa mtoto, ila mtu mzima anayekunywa maziwa na kuyaita nyama anajidanganya. Mechi nyepesi ni njema kwa kujifunza. Ikigeuzwa kuwa ushahidi wa nguvu zetu, tayari tumeanza kusema uongo, na wa kwanza kudanganywa ni sisi wenyewe.

Wahenga walisema, mwenye chongo kati ya vipofu huona. Yule Farisayo wa Luka 18 aliijua vizuri kanuni hiyo. Alipopanda hekaluni angeweza kujipima na Ibrahimu au na Eliya. Angeweza kujipima na torati yenyewe. Akatazama huku na huku, akamwona mtoza ushuru amesimama mbali, akasema moyoni kwamba huyo ndiye anayefaa. Mambo aliyoyataja yalikuwa ya kweli: alifunga, alitoa zaka. Hakughushi matokeo hata moja, ila alijichagulia mpinzani. Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 10 anawaita watu wanaojipima wao kwa wao kuwa hawana akili, na katika Wagalatia 6 anamwambia kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, asitafute kujisifu kwa kumtazama mwingine.

Hata wanadamu wa michezo wamelitambua jambo hili. Timu 68 huingia katika mashindano ya Machi. Bingwa wa kila ligi huingia moja kwa moja, na nafasi zinazobaki hutolewa na kamati. Tangu mwaka 1981 kamati hiyo ilisaidiwa na kipimo kilichoitwa RPI, na tangu msimu ulioanza mwaka 2018 kipo kingine kiitwacho NET. Vyote viwili havihesabu tu umeshinda mara ngapi. Huangalia pia ulimshinda nani, na kipimo cha sasa huangalia hata kama ulishinda kwako au ugenini. Ushindi juu ya mnyonge uwanjani kwako una uzito mdogo. Basi ikiwa kamati ya wanadamu imejifunza kupima badala ya kuhesabu, tunadhani Mungu atahesabu tu? Hana, mama yake Samweli, aliomba akikiri kwamba Bwana ndiye ayapimaye matendo.

Tuyalete haya nyumbani. Bwana Yesu katika Mathayo 5 anauliza kwamba tukiwapenda wanaotupenda tuna thawabu gani, maana hata watoza ushuru hufanya hivyo. Hiyo ndiyo mechi ya nyumbani dhidi ya timu dhaifu. Tunasamehe, naam, lakini tunamsamehe nani? Aliyekuja mwenyewe akalia, akaomba radhi mbele ya wazee. Yule ambaye hajaomba, tunayepishana naye kila Jumapili mlangoni pa kanisa bila salamu, hayumo katika ratiba yetu. Tunatoa, lakini kwa maskini anayepiga magoti na kushukuru. Yule mgomvi, mlevi, asiyejua kusema asante, tunamwachia mwenzetu. Tunafunga kwa kuacha vyakula tusivyovipenda sana. Tunashindana kwa hoja na watu wa dhehebu lingine wasipokuwepo kutujibu. Mwisho wa mwaka tunajumlisha ushindi wetu, tunajiona wakamilifu, kisha ugonjwa unaingia nyumbani, au ndugu anatudhulumu shamba, na mechi ya kwanza ya ugenini inatuonyesha kwamba imani yetu haijawahi kujaribiwa.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Huyo mpinzani dhaifu ni mtu. Katika jimbo la Mississippi kuna chuo kiitwacho Mississippi Valley State, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Waamerika weusi wakati walipotengwa. Hakina fedha nyingi. Kwa miaka mingi timu yake imekuwa ikitumia miezi ya mwanzo ya msimu barabarani, ikienda kwa wakubwa kufungwa, ili malipo yale yasaidie kuendesha michezo chuoni. Vijana hao huanza kila mwaka na orodha ndefu ya kushindwa, si kwa sababu ni wavivu, bali kwa sababu kushindwa kwao ndiko kunakouzwa.

Je, anayelipa amewatendea haki? Wengine watasema fedha ile ni msaada, na bila hiyo michezo ingekufa. Ni kweli, wala hatumlaumu maskini anayepokea. Lakini Luther katika amri ya saba hakuishia kwenye kutoiba. Alisema tumsaidie jirani mali yake na riziki yake zipate kuongezeka na kulindwa. Swali hapo ni kama jirani anasimama vizuri zaidi baada ya kukutana nasi. Mtu anaweza kulipa bei kamili na bado akamfanya mwenzake ngazi ya kupandia. Sisi nasi tunaweza kupeleka unga na sabuni kwa wagonjwa, tukapiga picha, tukaondoka tumeng'aa, na mgonjwa akabaki amepokea unga na kupoteza heshima. Tunaweza kumtaja aliyeanguka katika dhambi, tukisema tunamwombea, kumbe tunamhitaji aendelee kuwa chini ili sisi tuonekane juu.

Tena Mungu ana kawaida ya kuwainua hao tuliowahesabu. Msimu wa 2011 hadi 2012 Mississippi Valley State ilishindwa karibu mechi zote za mwanzo, kisha ikashinda 17 kati ya 18 katika ligi yake na kuingia mashindano ya taifa. Iliondolewa kwa tofauti ya alama moja tu, 59 kwa 58, huku Rais Barack Obama na Waziri Mkuu wa Uingereza David Cameron wakitazama uwanjani. Novemba 2019 chuo cha Evansville kililipwa dola 90,000 kwenda kucheza na Kentucky, timu iliyoshika namba moja nchini wiki ile, kikashinda 67 kwa 64. Aliyeitwa aje kufungwa aliondoka na hundi na ushindi pia. Hata hivyo tusiikuze habari hiyo kupita kiasi, kwa maana Evansville hao hao walipoingia katika ligi yao walipoteza mechi zote 18. Ushindi mmoja mkubwa nao haukutosha kuwa kipimo cha mtu, kama vile ushindi 11 mdogo haukutosha.

Basi kipimo ni kipi? Walutheri tumefundishwa kwamba Sheria ya Mungu ni kioo. Mbele ya kioo hicho hakuna mpinzani dhaifu wa kumtumia, kila mtu anasimama peke yake na uso wake. Ndiyo maana tunakikwepa. Tunachagua mechi nyepesi kwa sababu tunaogopa, na tunaogopa kwa sababu tunadhani nafasi yetu mbele za Mungu inategemea hesabu ya ushindi. Mwenye hofu hiyo hataacha kutafuta watu wa kuwashinda, hata tukimhubiria unyenyekevu miaka 20.

Dawa yake ni Injili. Gideoni alikuwa na watu 32,000, na Bwana akawapunguza hadi 300 ili Israeli wasije wakasema mkono wetu ndio uliotuokoa. Mungu alimwondolea Gideoni kile ambacho sisi hukitafuta, yaani uhakika wa kushinda kwa wingi wetu, akampa ahadi tu. Na katika Kristo ahadi hiyo imekamilika. Yeye hakujipangia njia nyepesi. Alikwenda kwenye dhambi na mauti, ambako hakuna kati yetu angeweza kusimama, na ushindi wake ametuhesabia sisi. Nafasi yetu imekwisha kutolewa. Hakuna kamati itakayokaa Machi kuijadili.

Aliyeamini hayo amepata uhuru wa ajabu. Anaweza kujitazama kwenye kioo bila kufa kwa aibu. Anaweza kumwendea yule asiyemsalimu na kumsalimu, na akikataliwa, hajapoteza kitu kilichokuwa chake. Anaweza kumsaidia dhaifu ili akue, hata siku moja ampite. Luther alianza zile hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya waaminio ni toba, na toba ni kukubali kupimwa kila siku na kipimo ambacho hatukukichagua, tukijua anayetupima ndiye aliyetufia.

Wiki hii tulitazame jambo moja. Katika nyumba zetu, katika jumuiya zetu na katika kwaya zetu, yuko mtu tuliyemwacha nje ya ratiba kwa sababu kumpenda ni kazi ngumu, na jina lake tunalijua. Tumtaje katika sala ya jioni, na kabla ya Jumapili tupige hodi kwake, hata kama tutarudi tumeshindwa.